Hema la Maharusi

Kambini, Pori la Msangazi, Handeni
Alhamisi, 12 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama. Huku simu haishiki kabisa, kwa hiyo usipige ukapata wasiwasi. Kuna dereva wa gari la chakula anaitwa Laurenti, yule mtoto wa marehemu fundi wa mashine za mkonge hapo Ngombezi. Anasema unamjua tangu ana kamasi. Kila akishuka sokoni Korogwe atapita kwako, alete barua yangu na achukue yako.

Uliniambia nikueleze kila kitu, nami nakueleza.

Ni mahema, lakini usifikirie yale ya mgambo. Hema letu moja ni kubwa kuliko nyumba yako. Chini wametandika mazulia, kitanda ni cha mbao, kirefu, shuka nyeupe zimenyooshwa hazina hata kunyanzi. Kuna beseni mbili za kunawia zimekaa pamoja, moja yangu na moja yake. Nyuma kuna bafu. Juu wananing'iniza ndoo ya turubai, unavuta kamba, maji moto yanashuka. Dada mmoja anaitwa Kudra ndiye anayetuhudumia. Anasimama nyuma ya turubai na kuuliza, "Yako sawa, dada?" Nikamjibu yako sawa. Nilipotoka nikaona bega limekuwa jekundu. Yalikuwa ya moto mno, sikuyasikia.

Kila msimu ukiisha wanang'oa kambi yote na kuhamia pori jingine. Wageni ni wachache na ni watu wa pesa. Bosi, Bi Asnath, alitupokea mwenyewe na vitambaa vya baridi vya kufutia vumbi. Akasema hii wiki na ushee ni zawadi yake ya harusi, kwa sababu Semboja amewaletea mboga na matunda tangu kambi ianze na hajawahi kuwaangusha. Kitandani walikuwa wamepanga maua mekundu yakafanya umbo la moyo. Semboja akayatazama akasema, "Wamejitahidi." Nami nikasema, "Wamejitahidi." Kisha akaanza kuyaokota, moja moja, akayaweka kwenye beseni yake.

Shangazi, sijui nimwiteje. Miaka yote ya Dada Ikram, Mungu amrehemu, nilimwita shemeji. Sasa ni mume wangu na sina neno. Jioni mezani nilitaka chumvi, nikasubiri mpaka aliponitazama ndipo nikaonyesha kwa kidole.

Nisalimie watoto. Sabiri asiogelee mferejini. Hafsa akikataa uji mpe chai ya maziwa, atakunywa.

Mwanao,
Amne


Ngombezi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwanangu Amne,

Marahaba, marahaba sana. Laurenti amenikuta naanika mahindi, nikayaacha hapo hapo kuku wakajilia. Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, halafu nikamsomea Mwatumu wa hapa jirani. Pale pa chumvi nilipapita.

Beseni mbili! Mimi na shangazi zako tulikuwa tunanawa kwenye sufuria moja na bado uso ulitakata. Kula vizuri, mwanangu. Lala. Tangu tumzike dada yako hujakaa chini. Wewe ndiye uliyeosha nguo zake, wewe ndiye uliyekuwa unatoka Hale kila Ijumaa baada ya kufundisha, uje Korogwe uwapikie watoto na baba yao. Watu walikuona. Ndiyo maana Semboja alipokuja kukuomba hakuna aliyeshangaa. Alisema mwenyewe, ama Amne ama nisioe. Mwanamume anayesema hivyo umwite nini? Mwite Baba Sabiri, basi, si ndivyo alivyo?

Watoto hawajambo. Sabiri amefunga shule na amemaliza embe mbichi zote za mti wa kwa Mwatumu. Hafsa anaulizia. Nikamwambia mama yako anarudi na zawadi. Akasema, mama yupi? Nikamwambia mama ni mmoja tu, yule aliye Handeni. Akanyamaza. Watoto wanazoea upesi, usihofu.

Jambo moja nakuambia kama mtu mzima. Wewe sasa ni mke. Usikae kama mgeni aliyekuja msibani. Jipake yale mafuta niliyokufungia, cheka hata kama hakuna cha kuchekesha. Mapenzi huja nyuma, yanakuta nyumba imeshafagiliwa.

Laurenti anapiga honi. Nawaombea dua.

Shangazi yako,
Zamda


Kambini
Jumatatu, 16 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua nimeipata, ahsante.

Nakula. Asubuhi wanaleta chai na biskuti mpaka hemani, kabla hata hujanawa uso. Mchana kuna saladi, samaki, mikate ya aina aina. Jana niliona pilipili hoho na karoti mezani, Semboja akasema, "Hizi ni za Mpale, nilizinunua mwenyewe." Ndiyo maongezi tuliyofanya mchana kutwa.

Tumeona tandala, pundamilia, na tembo wengi na watoto wao wakivuka mto uliokauka. Wazee wawili wageni, mtu na mkewe, walikuwa nasi garini. Yule mama aliponiona nimenyamaza alinishika mkono, akamwambia Faraji, muongoza wageni, aniambie kuwa naye alipoona tembo mara ya kwanza alilia. Nikamwitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba sijahisi chochote, na nikawa nawatazama tembo kwa bidii kama ninayesahihisha madaftari, nione kama kitakuja.

Baba Sabiri nimejaribu. Nimetamka nikiwa bafuni peke yangu. Kudra akadhani namwita yeye.

Kitanda ni kikubwa, kinatosha. Yeye hupenda kukaa nje kibarazani, kwenye kiti cha turubai, anasema ndani kuna joto.

Kesho kutwa Faraji atatupeleka kutembea kwa miguu. Nimekubali. Wakiniuliza kitu huku nasema sawa, ni rahisi.

Hafsa umwache aulize, shangazi. Usimkatalie.

Amne


Ngombezi
Jumanne, 17 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Laurenti ana haraka leo, nami pia.

Tembo! Nimewaambia hata wale wa foleni ya bombani. Wakasema huyo mtoto wa Zamda ameolewa akaokota dhahabu. Nikasema hakuokota, alistahili.

Joto la mwezi wa sita Handeni silijui, mimi huku natetemeka na khanga mbili. Lakini mwanamume akikaa nje anapanga maisha yake, muache. Mpelekee chai. Kaa kando yake. Huna haja ya kusema kitu.

Hafsa amekuwa kimya kidogo. Hana homa, nimempima kwa mkono. Anakula akilishwa. Nadhani ni minyoo, nitampa dawa. Ukirudi atakaa sawa.

Leteni picha za kwenye simu.

Zamda


Kambini
Jumatano, 18 Juni 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe. Ninazoandika ni risiti tu.

Leo asubuhi tulikutana na nyati tukiwa kwa miguu. Hakuna aliyeumia, nakuambia mapema ukisikia kwa Laurenti usishtuke. Lakini limetokea jambo, nimemkosea mwanao kwa neno moja, na baada ya hapo tukaongea. Yeye atakueleza kwa mkono wake. Nimeona kuwa anaandika na sikuomba kuona.

Nina swali, mama. Uliponiita baada ya arobaini ya marehemu, ulisema Amne ameridhia. Ulisema, "Mtoto amenifuata mwenyewe, ana haya ya kukuambia." Ukasema pia kwamba nikileta mwanamke wa nje, Sabiri na Hafsa watakuja kwako, kwa watu wa mama yao, na wazee wako pamoja nawe. Mimi sikubishana. Nilikuwa nimemzika mke, sikuweza kukaa nyumba isiyo na watoto. Nikasema kama Amne ameridhia, basi.

Je, aliridhia? Nataka neno lako, ndiyo au hapana.

Namheshimu mwanao kama nilivyomheshimu alipokuwa shemeji yangu. Hilo ulijue, lolote utakalosikia.

Ni mimi,
Semboja


Kambini
Jumatano, 18 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa mezani, hewa ni nzuri, wameniletea juisi ya ukwaju. Naandika haya taratibu ili nisiruke kitu.

Tulitoka jua likichomoza. Mbele Faraji, nyuma yake askari wa wanyamapori na bunduki, halafu mimi, halafu Semboja. Tulikuwa tunafuata mkondo wa mto, mchanga na matete. Faraji alitufundisha kabla: nikinyoosha mkono, simameni, msikimbie. Mimi nilisikia. Lakini shangazi, siku hizi nasikia maneno kama yanatoka nyumba ya pili. Aliponyoosha mkono, askari akasimama, mimi nikaendelea. Nikampita askari.

Nyati dume alikuwa peke yake kwenye matete. Akainuka. Alikuwa karibu, niliona tope limekauka kwenye pembe zake na ndege mdogo mgongoni. Sikuogopa. Niliona kama picha ukutani, na mguu wangu ukawa unakwenda.

Nyuma nikasikia, "Ikram, simama!"

Nikasimama.

Nyati akatutazama. Ndege akaruka. Kisha akageuka akaingia vichakani, matawi yakavunjika, yakatulia. Faraji akanishika bega, akasema, "Umefanya vizuri sana kusimama. Ungepiga hatua nyingine tungekuwa na habari nyingine." Nikamwambia ahsante.

Hilo ndilo jambo, shangazi. Semboja hakuniumiza kwa kuniita jina la dada. Hofu humtoa mtu jina lililo karibu. Kilichonitisha ni mimi. Niliitika. Sikufikiria, "Ananiita mimi kwa makosa." Niliitwa Ikram, nikatii.

Tuliporudi, Faraji alikuwa ameshawasimulia wa jikoni. Kudra akaja na taulo, akasema, "Pole na mshtuko, dada Ikram." Sikumsahihisha. Mchana wote wakaniita hivyo, karibu chakula dada Ikram, chai dada Ikram. Nikaitikia yote. Semboja alikuwa ameinamia sahani yake, na machozi yanadondokea kwenye wali. Mimi nilikuwa nakula, nikaona hata mchuzi una ladha.

Kisha akaniuliza. Tulikuwa tumebaki wawili mezani.

"Amne, ulitaka haya?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeomba."

"Mimi sikuomba."

"Shangazi alisema ulisema, ama Amne ama usioe."

Akatikisa kichwa. "Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyetaka. Kwamba una haya ya kusema."

Tukatazamana, shangazi. Nadhani ni mara ya kwanza tangu ndoa. Nilitegemea hasira ije, au aibu. Haikuja. Niliona mtu mzima mwenye mvi pembeni, aliyechoka, ambaye alikuwa akinibeba kwenye baiskeli yake kunipeleka stendi nilipokuwa mwanafunzi. Akasema, "Nilikubali nisikuaibishe." Nikasema, "Nami nilikubali nisikuongezee msiba."

Sasa nakuuliza wewe. Nani aliomba?

Amne


Ngombezi
Ijumaa, 20 Juni 2025

Amne, na Semboja pia, kwa sababu mtasoma wote,

Barua zenu mbili zimefika pamoja. Nilimwambia Laurenti asubiri, akasubiri, nikashindwa kuandika, akaenda. Leo amerudi.

Niliomba mimi. Semboja hakuomba na Amne hakuridhia. Nilisema kwa niaba yenu nyote wawili, na ikibidi kesho nitasema tena.

Mnaniuliza ndiyo au hapana kama mko mahakamani. Nawaambieni nilichokiona. Niliona nyumba ina watoto wawili na baba anayekaa kizingitini hawashi hata moto. Niliona binti yangu anakuja kila Ijumaa anapika, anafua, anaondoka, hali hata anachokipika. Nikasema hawa wamekwisha kuwa nyumba moja, wanakosa shehe tu. Kama ningengoja mpendane ningengoja mpaka Sabiri aoe.

Amne, wewe hukumbuki, ulikuwa unanyonya kidole. Baba yenu alipofariki na mama yenu akaolewa Kilosa, wazee waligawa. Ikram aende Mpale kwa baba mkubwa, wewe uende Handeni kwa mke wa binamu. Ikram alikuwa amekushika kwapani hataki kukuachia. Mimi nilikuwa ninafanya kazi kiwandani, kwenye brashi, mashine ya kusafishia nyuzi, mapafu yamejaa vumbi la mkonge. Nikasema nipeni wote. Nilikuwa na mchumba Tanga. Alikuja akaniuliza, hawa watoto watakaa mpaka lini? Nikamwambia mpaka wakue. Hakurudi. Hakuna mtu aliyeniuliza kama nimeridhia, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilipika uji.

Kwa hiyo msiniulize kuhusu kuridhia. Mnalala kwenye shuka nyeupe mnakula mikate ya aina aina mnaniuliza kuridhia!

Jina si kitu. Mimi hapa naitwa Mama Ikram mpaka leo na sikuzaa. Niliitika, nikazoea, nikawa. Utazoea nawe.

Hafsa hasemi. Tangu Jumapili hajasema neno. Sikutaka kuwaambia mkiwa huko. Nilidhani minyoo, nilimpa dawa, si minyoo. Anamtazama Sabiri, Sabiri anamsemea. Rudini mapema kama mnaweza. Mrudi pamoja.

Zamda


Kambini
Jumapili, 22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hii haitatutangulia sana. Laurenti anakuja Korogwe leo na mizigo ya kwanza, sisi tunafuata na lori la pili. Lakini nataka uisome kabla hujatuona, uwe umeshakasirika ukamaliza.

Kambi inang'olewa leo. Wageni wa mwisho waliondoka jana. Tulipotoka kunywa chai, hema la wale wazee lilikuwa limeshalala chini, wanaume wanalikunja kama mkeka. Wanafukia mashimo ya vyoo, wanafagia majivu, wanatawanya majani pale zulia lilipokuwa. Bi Asnath anasema mvua moja tu na hutajua watu walikaa.

Hema letu lilikuwa la mwisho, kwa heshima. Walikuwa wamekaa mbali wakitusubiri tutoke. Semboja akasoma barua yako kwa sauti mpaka mwisho, maana nilimwomba asome. Alipofika kwa yule mtu wa Tanga akaweka karatasi magotini, kisha akaichukua tena akaendelea. Sikujua habari zake, shangazi. Ikram alijua? Sitakuuliza tena, jibu ukipenda.

Tulikaa kwenye vile viti vya turubai. Nikamwambia, "Shemeji." Nilikuwa sijalitamka tangu ndoa. Likatoka lenyewe, na akageuka haraka kama mtu aliyeitwa kwao.

Nikamwambia, "Shemeji, mimi nikirudi nyumbani kwako nitaitika. Watoto wakiniita mama nitaitika, majirani wakiniita mke wako nitaitika. Sitakufanyia ubaya wowote. Lakini sitakuwepo."

Akasema, "Najua. Mimi pia nilikuwa nasubiri wewe ulale ndipo niingie. Nilikuwa nawaambia kina Faraji ndani kuna joto."

"Niache basi."

"Na watoto?"

"Watoto ni wako. Wakae kwako, kwenye nyumba waliyoizoea. Mimi ni mama yao mdogo, sitaacha kuwa. Likizo waje Hale."

"Na mama Zamda?"

Nikasema, "Shangazi nitazungumza naye mimi."

Kudra akaja na trei, akatuuliza kama tunataka chai ya mwisho kabla hawajafunga vyombo. Semboja akamwambia, "Ngoja kidogo, dada." Akanigeukia akalitamka neno, talaka moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeaga. Halafu akasema, "Haya, dada, lete chai." Tukanywa. Alinitilia sukari, anajua ninavyopenda.

Tutapita kwa shehe aliyetuozesha, tumweleze, aandike. Sina eda ya kukaa, shangazi. Sema hivyo kwa atakayeuliza, na wewe mwenyewe ulielewe hivyo. Alikuwa mtu mwema kwangu siku zote hizi. Hakunigusa hata mkono.

Wameliangusha hema sasa. Nilidhani nitaona kitu, nikasimama kutazama. Kamba zikalegezwa, turubai likashuka polepole, hewa ikatoka. Pakabaki nyasi zilizolala, za njano, umbo la mraba. Nilisubiri nihisi. Nimechoka tu.

Hafsa nitamchukua mimi kwa siku hizi zilizobaki za likizo, kama baba yake na wewe mtakubali. Usimfundishe neno lolote. Akitaka kunyamaza tutanyamaza wote.

Amne


Ngombezi
Jumanne, 8 Julai 2025

Amne,

Shule zimefunguliwa, najua umerudi kazini. Hafsa yuko kwa baba yake, kama mlivyotaka. Mwatumu aliniuliza bombani, nikamwambia wameachana, sababu wanaijua wenyewe. Hakuuliza tena, nilikuwa nimebeba ndoo.

Nguo zako mbili zimebaki hapa. Laurenti akipita Hale atakupa.

Sina la kuandika.

Zamda


Hale, Nyumba za Wafanyakazi
Jumapili, 3 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Umekaa kimya nami nimekaa kimya. Nilikuwa nasema moyoni, shangazi akiwa tayari ataandika. Leo nimeona nisisubiri.

Jana Semboja aliwaleta watoto. Nilikuwa sijawaona tangu shule zifunguliwe. Walishuka na basi, Sabiri amekuwa mrefu, suruali imepanda. Hafsa ameongea. Si mengi. Aliona mabomba makubwa ya maji yanavyoshuka mlimani kwenda mitambo ya umeme, akauliza, "Ndani kuna samaki?" Baba yake akasimama pale barabarani akaangalia pembeni muda mrefu. Sabiri ndiye aliyemjibu.

Tulikula, watoto wakaenda kucheza na wa jirani, tukakaa barazani mimi na shemeji. Tukaanza kumwongelea Ikram. Sijui nani alianza. Shangazi, tangu tumzike, mimi na yeye hatukuwahi kumwongelea. Tulikuwa tunaongelea unga, sare za shule, dawa ya Hafsa. Akaniambia kwamba Ikram alikuwa akifumba macho kila basi likivuka daraja la Pangani. Kila mara, hata akiwa na watu, anamshika mkono na kufumba mpaka wavuke. Mimi sikujua. Nimepanda naye basi mara ngapi? Alikuwa ananificha, mimi mdogo wake, nisije nikajua kuwa naye anaogopa. Nami nikamweleza alivyompiga mtoto wa nyapara kwa sababu aliniita yatima. Yeye naye hakujua. Tukacheka mpaka watoto wakaja kuangalia. Hafsa akapanda mapajani pangu akataka nirudie pale pa kumpiga mtoto wa nyapara, nikarudia, akataka tena.

Wakaondoka na basi la mwisho la alasiri.

Leo asubuhi niliamka kama kawaida. Nikawasha jiko, nikabandika chai, nikachukua unga nikande chapati. Mikono ilikuwa bado kwenye unga. Nikakaa chini sakafuni. Sauti ikatoka ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Hosiana wa nyumba ya pili akaingia bila hodi, ana mswaki mdomoni. Akaniuliza, "Amne, kuna nini?"

Nikamwambia, "Dada yangu amekufa."

Yeye alikuja kwenye mazishi, shangazi. Alilala pale kwako na wanawake wengine, alichota maji. Anajua ni lini. Aliepua chai, akafunga mlango, akajifunga khanga kichwani kama mtu aliyeingia msibani, akakaa sakafuni na mimi. Hakwenda hata kanisani. Nimelia mpaka adhuhuri.

Sasa nimenawa. Macho hayafunguki vizuri, naandika karatasi ikiwa karibu na pua.

Ijumaa nikimaliza vipindi nakuja Ngombezi. Usipike, usimwite mtu, hata Mwatumu. Nataka tukae wawili. Wewe ulimlea tangu mtoto na ulimzika, na tangu siku ile sijakuona umekaa chini ukalia.

Mwanao,
Amne